Yale Umeyapitia Ndiyo Tangazo Lako

Mteja anayenunua kwa simu anaombwa jambo zito: atume pesa kwa mtu hajawahi kumwona, kisha angoje mzigo. Maneno kama "bei nafuu, ubora wa hali ya juu, karibuni nyote" ameyasoma mara mia, na hata matapeli huyatumia. Kinachoweza kumtoa wasiwasi ni yale wewe mwenyewe umeyapitia na bidhaa unayouza. Hebu tuone vile unaweza kuyaandika.

1. Anza na shida ambayo mteja pia anaijua

M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, watu hawakuelezwa habari za mitambo. Waliambiwa tu watume pesa nyumbani. Aliyekuwa akifanya kazi mjini alijua vile roho hukaa juu ukimpa dereva wa basi au jamaa bahasha ya pesa apeleke kijijini. Hakuhitaji maelezo marefu.

Nawe jiulize: kabla uanze kuuza bidhaa hii, ilikusumbua vipi ukiwa mnunuzi?

2. Sema ulijifunza nini

Tuseme unauza viatu vya shule. Wengi wangeandika: "Viatu bora vya watoto vimefika. Bei poa. Wahi mapema!" Sasa soma huu:

"Viatu vya shule vya watoto wangu viliachia soli katikati ya muhula. Sasa nauza vyenye soli ya kushonwa. Sh1,200. Saizi ikikataa, nabadilisha ndani ya siku 7."

Huo unatosha kwenye SMS moja ya herufi 160. Sentensi ya kwanza inagusa mzazi yeyote aliyewahi kununua viatu mara mbili kwa muhula mmoja. Ya pili inampa kitu cha kukagua: mzigo ukifika, atageuza kiatu aone uzi. Bei iko wazi, kwa hivyo hana haja ya kukuuliza "ni how much?" ndipo aamue. Na ahadi ya siku 7 inamwambia pesa yake haijapotea hata saizi ikikosea.

Umeona pia kwamba muuzaji amejitaja kidogo tu? Sentensi moja yako inatosha. Zinazobaki ni za mteja.

3. Usibuni wala usiazime

Kama huna watoto, usijipe watoto kwa sababu ya tangazo. Mtaani watu wanajuana, na mteja akigundua hadithi ni ya uongo, ataanza kushuku hata viatu. Tumia ukweli mwingine ulio nao: vile unachagua mzigo Gikomba alfajiri, kile unachokikataa hata kikiwa cha bei ya chini, au swali ambalo wateja hukuuliza kila siku.

4. Ushuhuda wa mteja ni mali yake

Wafanyabiashara wengi huweka kwenye status picha ya ujumbe wa malipo ili kuonyesha kwamba watu wananunua. Ujumbe huo unaweza kuwa na jina la mteja, namba yake, na hata salio lako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na taarifa kama hizo za mteja si za kuanikwa ovyo. Muombe ruhusa kwanza, kisha ufunike jina, namba, kodi ya muamala na salio. Akikataa, heshimu hilo. Aliyekuamini na pesa yake asijute.

Zoezi la leo

Chukua bidhaa moja. Andika sentensi nne: shida uliyoipitia, ulichojifunza, bei, na utakachofanya mambo yakienda mrama. Wasomee watu wawili ambao hawajui biashara yako. Wakikuuliza "inapatikana wapi?", liko tayari. Ongeza namba yako ya malipo na jina litakalotokea mteja akilipa, ili ahakikishe ni wewe kabla ya kukamilisha malipo.