Majina ya Mitaa na Usanifu wa Mji: Funzo Kutoka Mombasa

Utangulizi

Mombasa ni kisiwa, lakini mkaazi wake anaweza kushinda mjini kutwa nzima asiione bahari. Upande wa magharibi bandari imeushika ufuo. Kwingineko kuta na majumba yamesimama baina ya njia na maji. Makala haya yanadai kwamba msanifu anayetaka kuunganisha tena mji huu na mazingira yake hana budi kuanza kwa kuyasoma majina ya mitaa.

Majina kama ramani

Kilindini ni jina lililoundwa kwa neno 'kilindi', yaani mahali penye kina kirefu cha maji, pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Bondeni limeundwa vivyo hivyo kutokana na 'bonde'. Mwembe Tayari limebeba mti. Mlango wa Papa, katika Mji wa Kale, limebeba samaki. Ni dhahiri kuwa waliotoa majina haya hawakuutenga mji na bahari, ardhi wala mimea. Mtaa mpya unapojengwa juu ya mikoko na kupewa jina la kigeni, mtoto atakayezaliwa hapo hatajua kilichokuwa chini ya sakafu yao.

Mfano wa Makupa

Kwa miongo mingi, kisiwa kiliungana na bara kwa tuta la Makupa, lililojengwa kwa kujaza bahari. Tuta liliwafaa wasafiri, ila lilizuia maji yasipite baina ya hori la Tudor na lile la Port Reitz. Mwaka 2022 daraja la Makupa lilifunguliwa, maji yakapata njia chini yake. Barabara haikupotea, na bahari nayo ikapewa haki yake. Kadhalika, bustani ya ufuoni ya Mama Ngina, iliyofunguliwa upya mwaka 2019, huwapa watu nafasi ya kuketi karibu na mibuyu wakitazama meli zikiingia.

Hitimisho

Kila mchoro wa mji uulizwe maswali matatu. Je, maji yanapita? Je, mtu wa kawaida anaufikia ufuo kwa miguu bila kuomba ruhusa? Je, jina la mahali lingali na maana? Swali la tatu ni letu, wanafunzi wa Kiswahili. Tuyakusanye majina pamoja na maelezo ya wazee, kisha tuyafikishe kwa wapangaji wa mji kabla ya msingi kuchimbwa.