Kwa Nini Kitanzi cha Reli Hakiwi Duara

Kila mwanafunzi wa Arash, wilayani Ngorongoro, ajua kuwa baiskeli iachiwapo mteremkoni huongeza mwendo bila kunyonga pedeli. Kanuni hiyo ndiyo iendeshayo magari ya reli za burudani: huvutwa hadi kileleni, kisha huachiwa. Mwaka 1959 Disneyland, Marekani, ilianza kutumia reli ya mabomba ya chuma, yapindikayo kwa usahihi kuliko mbao.

Tatizo lilikuwa kitanzi. Kile cha Flip Flap, Coney Island, mwaka 1895, kilikuwa duara, nacho kiliumiza shingo za abiria. Hesabu yaonyesha sababu: hata gari lipitapo juu ya duara kwa mwendo mdogo kabisa usioliangusha, chini abiria hukandamizwa kwa kani mara 6 ya uzito wake. Mwaka 1976 Werner Stengel na Anton Schwarzkopf walijenga Revolution, California, kwa kitanzi chenye umbo la tone: pinda ni pana chini penye mwendo mkubwa, na finyu juu penye mwendo mdogo.

Jaribu: pinda mfereji wa mpira uwe kitanzi, uachie goroli kutoka kimo sawa na cha kitanzi. Itaanguka kabla ya kufika juu. Eleza kwa nini.