Filta ya hewa ya "kuongeza nguvu": Je, inalipa?

Lori linapakia saruji Hima, linapita Kasese, Kikorongo na Bwera, kisha linavuka mpaka wa Mpondwe kuingia Kongo. Njiani muuza vipuri anakushawishi: "Badili mfumo wa hewa, injini ipate nguvu." Kabla hujatoa pesa, zingatia haya:

• Nguvu. Injini ya dizeli yenye tabo haikosi hewa filta ikiwa safi. Mfumo mpya pekee hauleti tofauti utakayoihisi mlimani na mzigo.

• Vumbi. Filta za pamba zilizopakwa mafuta kwa kawaida hupitisha vumbi laini zaidi kuliko za karatasi. Vumbi hilo husaga tabo, ringi na silinda.

• Joto. Filta iliyoachwa wazi karibu na injini huvuta hewa ya moto, na hewa ya moto hupunguza nguvu.

• Kinachofaa. Funga kichujio cha awali kinachozungusha hewa na kutupa vumbi zito nje. Mdomo wa bomba la hewa uwe juu, nyuma ya kabini.

• Ukaguzi. Angalia mipira na klipu kati ya filta na tabo; ufa mdogo tu unaingiza mchanga.

• Usafi. Usiigonge filta chini. Ipulize kwa upepo mdogo, kutoka ndani kwenda nje. Ile ndogo ya ndani haisafishwi, hubadilishwa.

Kwa kifupi: nunua filta halisi ya akiba, uiweke kabini. Hiyo ndiyo inayolipa.