Somo: Geji Mbili za Joto Zinapopingana

Dereva wa chama cha msingi anatoka Musoma kwenda Mwitongo, Butiama, kwa Land Rover kuukuu iliyopakia pembejeo. Mbele yake zipo geji mbili za joto la injini: ya asili, itumiayo umeme, na nyingine iliyofungwa baadaye, yenye bomba jembamba ambalo ncha yake imo ndani ya maji ya injini. Ya asili yaonyesha moto mkali. Ya pili yaonyesha hali ya kawaida. Aamini ipi?

Asiamini yoyote kabla ya kupima. Kwanza asimame na kuzima injini. Akilipuuza onyo la kweli, kichwa cha injini hupinda, na gharama huwaangukia wanachama wote. Asifungue kifuniko cha rejeta kabla injini haijapoa, kwani mvuke humwunguza.

Kisha afuate hatua hizi:

1. Atazame maji. Yakiwa yamepungua, ncha ya geji huweza kubaki hewani, nayo geji ikasoma chini ilhali injini yaungua.

2. Atazame geji ya mafuta. Katika Land Rover Series III (1971–1985), geji ya mafuta na ya joto hupata umeme kupitia kifaa kimoja kinachoushusha hadi volti 10 hivi. Kikishindwa kuushusha, zote mbili husoma juu kupita kweli.

3. Geji ya mafuta ikiwa sahihi, awashe swichi bila kuwasha injini, achomoe waya kwenye kipima joto cha injini, na angoje kidogo. Sindano ikibaki juu, huenda waya umechubuka na kugusa chuma. Ikishuka, kipima joto hicho kikaguliwe.

4. Fundi aitumbukize ncha ya geji ya pili katika maji yanayochemka. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo Musoma maji huchemka karibu nyuzi 96, si 100. Geji isomayo 96 isihukumiwe kuwa mbovu.

Mzani wa pamba unapopingana na daftari, kamati haichagui tarakimu inayoipendeza, hupima upya. Na gari la chama litendewe vivyo hivyo, na matokeo yaandikwe katika daftari la safari.

Swali la majadiliano: Je, nani katika chama chenu ana mamlaka ya kulisimamisha gari njiani?