Saa mbili au masaa mawili? Kutoka Luano hadi N'djili

Ratiba ya ndege kati ya Luano, Lubumbashi, na N'djili, Kinshasa, ina somo la sarufi ndani yake. Umbali wa moja kwa moja ni kama kilomita 1,550. Ndege ya jeti, tukihesabu kupaa na kutua, huumaliza kwa muda unaozidi kidogo saa 2. Tuseme saa 2 na dakika 15. Ikiondoka Luano 10:00, itatua N'djili 11:15. Ikiondoka N'djili 10:00, itatua Luano 13:15. Tusisingizie upepo: Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Anayetoa namba kwa namba atapata saa 1 na robo kwenda, saa 3 na robo kurudi, na hakuna hata moja iliyo muda wa safari.

Kwa mtafsiri shida inazidi. "Ndege ya saa mbili" ni ipi: inayoondoka 8:00 asubuhi, au inayokaa angani saa mbili? (Kifaransa kisitucheke, "heure" nayo hubeba yote mawili.) Wengi wetu husema "saa mbili" kwa wakati na "masaa mawili" kwa muda. Walimu hulikata "masaa" kwa wino mwekundu, na kwa upande wa ngeli hawajakosea. Mimi kwenye ratiba ningeliacha, maana linamwambia abiria jambo ambalo "saa" peke yake haisemi. Asiyelitaka aandike "muda wa saa mbili", kisha kando ya kila namba aongeze: saa za Lubumbashi, au saa za Kinshasa.