Akiba ya Nyumbani: Hifadhi na Utiririshaji wa Video katika Mtandao wa Ndani

Ichukuliwe nyumba moja yenye watu watano. Mama ana picha za arusi katika simu yake. Baba ana hesabu za duka katika kompyuta. Watoto wawili wa sekondari wana masomo ya video. Na bibi hupenda kutazama picha za wajukuu katika televisheni. Mama anapotaka kumwonyesha bibi picha, huipeleka kwanza kwenye intaneti. Picha hiyo husafiri hadi kompyuta iliyo mbali, kisha hurudi katika chumba cha pili cha nyumba ile ile. Safari ya hatua kumi hulipiwa mara mbili: kwenda na kurudi. Tena, siku simu ile inapoharibika, hupotea kitu ambacho fedha haziwezi kukirudisha.

Makala haya yanaeleza jinsi nyumba hiyo inavyoweza kuwa na ghala lake la data, na namna ya kulilinda.

MTANDAO WA NDANI NA MTANDAO WA NJE

Ruta hufanya kazi mbili. Kwanza, huunganisha vyombo vya nyumbani vyenyewe kwa vyenyewe; pili, huviunganisha vyombo hivyo na intaneti. Kifurushi cha data kinapokwisha, kazi ya pili husimama, lakini ya kwanza huendelea. Data inayotoka chumba kimoja hadi kingine haipiti kwenye laini ya nje, na kwa hiyo hailipiwi.

Kompyuta yoyote, hata iliyo kuukuu, yaweza kuwa ghala, mradi iwe na diski yenye nafasi ya kutosha na iachwe ikiwaka. Hatua ni hizi:

1. Kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya. Mawimbi ya Wi-Fi hudhoofishwa na umbali na kuta, na kasi yake hugawanywa miongoni mwa watumiaji wote.

2. Ipewe anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.10. Anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa mitandao ya ndani. Anwani ikibadilika kila siku, vyombo vingine havitajua ghala liko wapi.

3. Iwekwe programu ya kugawana mafaili. Mojawapo ni Samba, programu huria ambayo toleo lake la kwanza lilitolewa na Andrew Tridgell nchini Australia mwaka 1992. Kila mtu apewe jina na neno la siri. Folda ya hesabu za duka iwe ya baba peke yake. Folda ya masomo isomwe na wote.

4. Iwekwe programu ya kutiririsha video, kama vile Jellyfin, ambayo nayo ni huria.

MAANA YA KUTIRIRISHA

Kutiririsha ni kutazama video huku ikiendelea kufika, bila kungoja faili zima. Chombo cha mtazamaji hutenda kama ndoo yenye tundu chini: data huingia juu kutoka mtandaoni, na hutoka chini kwenda kwenye kioo. Data iliyomo ndani ya ndoo ndiyo akiba ya muda. Ikiisha, picha husimama.

Kwa mfano, video inahitaji megabiti 5 kwa sekunde, na akiba ni megabiti 50. Kasi ya mtandao ikishuka hadi megabiti 3 kwa sekunde, akiba itapungua kwa megabiti 2 kila sekunde. Kwa hiyo picha itasimama baada ya sekunde 50 ÷ 2 = 25.

Video hiyo ikidumu kwa saa moja, ukubwa wake ni 5 × 3,600 = megabiti 18,000. Kwa kuwa biti 8 ni baiti 1, hizo ni megabaiti 2,250, yaani gigabaiti 2.25. Watu watano wakiitazama kutoka intaneti, kila mmoja kwa wakati wake, zitatumika gigabaiti 11.25. Ikipakuliwa mara moja na kuwekwa ghalani, kwa idhini ya mwenye haki, zitatumika 2.25 tu. Hata wote watano wakiitazama kwa pamoja, ghala litahitaji kutoa megabiti 25 kwa sekunde, na waya wa kawaida wa megabiti 100 hauelemewi.

Jambo moja liangaliwe. Televisheni isiyoelewa mfumo wa video hulilazimu ghala kuigeuza video hiyo papo hapo, kazi inayoishinda kompyuta dhaifu. Ni afadhali video igeuzwe mapema.

JE, AKIBA HAIOZI?

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba iliyo katika diski moja huoza, kwa kuwa kila diski ina siku yake ya kufa. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza jinsi diski kadhaa zinavyoweza kufanya kazi pamoja, ili moja ikifa data isipotee. Mfumo huo huitwa RAID.

Hata hivyo, RAID si nakala ya akiba. Mtoto akifuta picha za arusi kwa bahati mbaya, zitafutika katika diski zote papo hapo. Mwizi akichukua kompyuta, huchukua diski zote. Radi ikipiga, yaweza kuziunguza zote. Kwa hiyo kila kitu cha thamani kiwe na nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na nakala moja ikae nje ya nyumba, kwa mfano kwa jamaa anayeaminika. Aidha, nakala ijaribiwe kwa kufunguliwa mara kwa mara, kwani nakala isiyofunguka si nakala.

MASWALI

1. Video ya dakika 90 hutiririka kwa megabiti 8 kwa sekunde. Tafuta ukubwa wake kwa gigabaiti.

2. Akiba ya muda ni megabiti 60. Video huhitaji megabiti 5 kwa sekunde, na mtandao huleta 1 tu. Picha itasimama baada ya sekunde ngapi?

3. Eleza kwa nini diski mbili ndani ya kompyuta moja hazitoshi kulinda picha za familia.

Majibu: (1) 5.4, (2) 15.