Kutoka Bwera hadi shahada ya ualimu: ya kukamilisha kabla ya kujaza fomu

Kwa miaka mingi kijana wa Bwera, wilayani Kasese, aliyetaka kuwa mwalimu hakulazimika kwenda mbali. Alimaliza kidato cha nne, akaomba nafasi katika Chuo cha Ualimu wa Msingi cha Bwera, akasoma miaka miwili, akatoka na cheti cha Gredi ya Tatu na kurudi kufundisha kwao. Njia hiyo imefungwa. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 iliamua kwamba kila mwalimu nchini Uganda, kuanzia wa chekechea hadi wa sekondari, awe na shahada. Waliokwisha kuajiriwa kwa cheti cha Gredi ya Tatu wakapewa muda wa kujiendeleza.

Kwa hiyo mlango wa ualimu sasa ni mlango wa chuo kikuu, na familia nyingi za Kasese bado hazijauzoea. Kujaza fomu yenyewe si kazi kubwa; kijana yeyote wa steshenari mjini Kasese au pale Mpondwe atakusaidia kwa nusu saa. Kinachowaangusha waombaji huanza mapema zaidi: kugonga mlango usio wao, kuchagua masomo bila kupiga hesabu, na kufika na karatasi zisizokubaliana. Nitakaa zaidi kwenye mambo hayo matatu.

Mlango upi ni wako

Aliyemaliza kidato cha sita anaingia moja kwa moja ikiwa ana ufaulu mkuu katika masomo mawili, yaani alama E au zaidi, alioupata katika mtihani wa mwaka mmoja, pamoja na masomo yasiyopungua matano aliyofaulu kidato cha nne. Hicho ndicho kiwango cha chini kwa nchi nzima. Kufikia kiwango hicho hakukuhakikishii nafasi, bali kunakupa haki ya kushindana na wenzako.

Mwenye ufaulu mkuu mmoja tu na subsidiari mbili, yaani ufaulu ulio chini ya huo mkuu, asikate tamaa wala asiharakishe kurudia mtihani. Kuna Cheti cha Elimu ya Juu, kozi ya mwaka mmoja inayomwandaa mwanafunzi kuingia shahada. Ila kabla ya kulipa ada, uliza kama cheti hicho, kwa mchepuo unaoutaka, kitakuingiza kwenye shahada ya ualimu hasa, kwa maana vyeti hivi huandaliwa kwa fani tofauti.

Mwenye diploma inayotambuliwa huingia kwa diploma yake. Aliyetimiza umri wa miaka 25 na hana sifa za kidato cha sita anaweza kufanya mtihani wa watu wazima katika kituo kilichoidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, yaani NCHE. Naye mwenye shahada nyingine, tuseme ya uchumi au ya biolojia, hana haja ya kuanza upya. Diploma ya uzamili katika elimu huchukua mwaka mmoja na kumfanya mwalimu, mradi shahada yake ya kwanza ina masomo yanayofundishwa shuleni.

Sasa neno kwa walimu wa Gredi ya Tatu mlioko darasani Karambi, Kisinga, Kyondo au popote wilayani. Kwa kawaida cheti chenu peke yake hakifikishi kwenye shahada kwa hatua moja. Njia iliyozoeleka ni kupata kwanza Diploma ya Elimu ya Msingi, kisha Shahada ya Elimu kwa walimu walio kazini, na masomo hayo mengi hupangwa wakati wa likizo za shule ili mwalimu asiache darasa lake. Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, mojawapo ikiwa Taasisi ya Elimu ya Walimu, kina uzoefu mkubwa wa kuwahudumia walimu wa aina hii. Serikali pia imeunda taasisi ya taifa ya elimu ya walimu, UNITE, yenye makao yake Shimoni na kampasi katika vilivyokuwa vyuo vya taifa vya ualimu. Kwa mtu wa Kasese, kampasi mojawapo ya kuulizia ni ya Kabale.

Mahali pa kuomba

Ukitoka Bwera utafika njia panda ya Kikorongo. Ukikata kushoto unaelekea Kasese na Fort Portal, na huko kuna Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, kilichoanza mwaka 2005 kama chuo cha jamii na sasa ni cha serikali. Ukikata kulia unaelekea Mbarara, penye chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kinachofundisha ualimu wa sayansi, na pia Chuo Kikuu cha Bishop Stuart. Mjini Kasese kwenyewe kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Bugema. Kyambogo na Makerere ziko Kampala, na gharama ya kuishi huko ni mzigo ambao mzazi anapaswa kuufikiria sawasawa na ada.

Popote utakapochagua, kagua idhini ya kozi yenyewe, si ya chuo tu. NCHE huidhinisha kila programu kwa muda maalumu, na muda huo ukiisha programu inapaswa kupitiwa upya. Mei 2023 nchi nzima ilishtuka kusikia kwamba programu nyingi, zikiwemo za vyuo vikuu vikubwa vya serikali, zilikuwa zimepitisha muda wake kwenye orodha ya baraza. Orodha hiyo iko wazi kwenye tovuti ya NCHE. Tafuta jina kamili la shahada unayoiomba, na kama utasomea kwenye kampasi ya tawi, uliza kama idhini inaihusu kampasi hiyo.

Hesabu ya masomo mawili

Shahada ya sanaa au ya sayansi pamoja na elimu hukutaka uchague masomo mawili ya kufundisha, na kwa kawaida lazima uwe umeyafaulu kidato cha sita. Hapa ndipo ninapoona vijana wakipoteza nafasi kwa kufuata marafiki.

Vyuo vya serikali vimekuwa vikitumia uzani. Alama A ina pointi 6, B ina 5, C ina 4, D ina 3, E ina 2, na subsidiari ina 1. Somo la lazima kwa kozi huzidishwa mara tatu, somo linalohusiana huzidishwa mara mbili, na mengineyo huhesabiwa kwa uzito mdogo. Tuseme mwombaji ana B ya historia, C ya jiografia na D ya dini, pamoja na subsidiari mbili. Akiomba kufundisha historia na jiografia, atapata 15 kwa historia, 12 kwa jiografia, 6 kwa dini na 2 kwa subsidiari, jumla 35. Akiomba historia na dini, jumla inakuwa 34. Akiomba jiografia na dini, 33. Matokeo ni yale yale na mtu ni yule yule, lakini katika ushindani wa nafasi chache pointi moja inatosha kumwacha nje. Wasichana huongezewa pointi 1.5, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990.

Matokeo ya kidato cha nne nayo huchangia kidogo. Kundi la kwanza la mtaala mpya lilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024 na kupewa alama za A hadi E badala ya mfumo wa zamani. Mliomo katika kundi hilo, someni tangazo la mwaka wenu lenyewe, msitegemee hesabu za kaka na dada zenu.

Lipo pia suala la kesho. Tangu mwaka wa fedha 2022/23 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika sekondari ya serikali amepangiwa mshahara wa shilingi milioni 4 kwa mwezi, ilhali mwenzake wa sanaa yuko karibu milioni 1. Walimu waligoma Juni 2022 kwa sababu ya tofauti hiyo, na mimi naamini walikuwa na haki. Lakini anayeomba leo anapaswa kuijua hali ilivyo, si inavyopaswa kuwa. Kama una ufaulu mzuri wa fizikia au hisabati, usiuache kwa kuogopa ugumu.

Na kuna Kiswahili. Mtaala mpya wa mwaka 2020 ulikifanya somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa kutosha hawapo. Vijana wa Bwera na Mpondwe, wanaonunua na kuuza pamoja na watu wa Kasindi na Beni, ng'ambo ya mpaka wa Congo, tangu utotoni, wana sikio la lugha hii ambalo wenzao wa mikoa mingine hawana. Hata hivyo Kiswahili cha sokoni hakitoshi kwenye fomu ya udahili. Panahitajika ufaulu wa mtihani. Nawasihi wazazi wenye watoto wa kidato cha nne: tafuteni sasa shule yenye Kiswahili kidato cha tano na cha sita. Shule hizo si nyingi wilayani, lakini jitihada hiyo italipa.

Karatasi zako zikubaliane

Wakonzo hupewa majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, na kwa hiyo darasa moja huwa na akina Bwambale watatu na akina Biira wanne. Juu ya hilo kuna tahajia: Thembo linaandikwa Tembo, Kabugho linakuwa Kabugo, na jina la dini linatangulia hapa na kufuata kule. Chuo kitalinganisha slipu za baraza la taifa la mitihani, UNEB, kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa. Vikitofautiana, wakati wa usajili utaambiwa ukarekebishe, na marekebisho hayo huweza kuchukua miezi. Vitandaze vyote mezani leo, usome herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, anzia ofisi ya wilaya ya NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, na ukihitaji hati ya kubadili au kuthibitisha jina, ipate kabla ya kuomba.

Mto Nyamwamba ulipofurika Kasese Mei 2013 na tena Mei 2020, familia zilipoteza nyumba na kila kilichokuwamo. Aliyepoteza cheti ajue kwamba UNEB haichapi cheti cha pili. Hutoa barua ya kuthibitisha matokeo, na vyuo huipokea. Mwenye vyeti salama avipige picha na kuzihifadhi kwenye barua pepe yake.

Aliyesomea ng'ambo ya mpaka, akiwa na diploma ya taifa ya Congo, anatakiwa kwanza kuipeleka UNEB, Ntinda, Kampala, ilinganishwe na kidato cha sita cha Uganda. Hati iliyo kwa Kifaransa itahitaji tafsiri rasmi ya Kiingereza. Anza hilo miezi kadhaa kabla, na uulize kila chuo kama kitakutoza ada ya mgeni au ya raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Congo ilijiunga nayo mwaka 2022.

Fedha na tarehe

Serikali hudhamini wanafunzi 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma. Kati yao 3,000 huchaguliwa kwa ushindani wa nchi nzima, 896 kwa mgao wa wilaya, 64 ni watu wenye ulemavu na 40 ni wanamichezo. Mgao wa wilaya ni wa kuzingatiwa sana Kasese: hapo unashindana na wenzako wa wilaya yako, kwa hiyo jaza sehemu ya wilaya kwa uangalifu na uwe na uthibitisho. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Februari au Machi, na maombi ya udhamini hufunguliwa muda mfupi baadaye na kufungwa haraka. Usiyasubiri majibu hayo ukiwa umekaa. Omba pia nafasi ya kujilipia.

Ukikosa udhamini na umepata nafasi ya ualimu wa sayansi, iko Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mkopo wake hulipa ada ya masomo, ada za uendeshaji na za utafiti. Chakula na malazi ni juu yako. Mzazi aongeze pia gharama za mazoezi ya kufundisha: nauli, mavazi ya heshima na vifaa vya darasani.

Malipo ya maombi katika vyuo vya umma hufanywa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe, kisha unalipa benki au kwa simu. Yeyote anayekutaka umtumie fedha kwenye namba yake binafsi ili akushughulikie nafasi ni tapeli, hata akiwa na fulana ya chuo. Tunza risiti. Tumia namba ya simu na barua pepe zako mwenyewe, si za kijana wa steshenari, kwa sababu taarifa ya kuchaguliwa hutumwa huko, na barua ya udahili ina siku ya mwisho ya kuripoti.

Ukishahitimu, lazima usajiliwe kuwa mwalimu kabla ya kuajiriwa, na utatakiwa kuonyesha vyeti vile vile ulivyoombea chuo. Kama jina lako bado halijanyooka kwenye karatasi hizo, nenda NIRA wiki hii.